Apu ya kurekodi kikao kirefu: usiulize inarekodi vipi, uliza inakufa vipi

Kila baada ya muda utakuta mtu anauliza jamani apu gani nzuri ya kurekodia kikao, na majibu yanakuja chapuchapu, huyu anataja yake, yule anasema ya kwenye simu inatosha, mwingine anakuja na ile yenye manyota kibao ambayo inaandika maneno yenyewe. Hakuna anayeuliza kikao chenyewe ni cha muda gani. Na hapo ndo penyewe, maana karibu apu zote zinarekodi dakika tano vizuri tu, hata ile ya hovyo iliyojaa matangazo. Kikao cha bodi kilichofunguliwa saa tatu asubuhi, mkapitia yatokanayo, mkabishana kwenye ripoti ya mhazini, chai ikaletwa na vitumbua, mkaja kufika mengineyo saa nane mchana na wajumbe wawili wameshasinzia, hicho ni kitu kingine kabisa.

Mi kazi yangu inanikutanisha sana na mihtasari kwa hiyo haya mambo nayaangalia kwa jicho la katibu, sio la fundi. Na msimamo wangu ni kwamba kwenye kikao kirefu ubora wa sauti sio swali la kwanza. Sauti mbaya utaisikiliza kwa shida, utairudia, utamuuliza mjumbe ulisema nini pale, lakini faili likikataa kufunguka huna kitu. Swali la kwanza ni simu ikizimika ghafla saa ya tatu, au ikipigwa simu, au memori ikijaa, je yale masaa mawili na ushee ya nyuma yanabaki? Apu zinatofautiana sana kwenye hilo na kwenye maelezo yao ya dukani hawaandiki.

Tuanze na faili lenyewe maana ndo watu wengi hawalijui. Simu nyingi zinahifadhi rekodi kama m4a. Ndani ya m4a sauti imebanwa kwa mfumo unaoitwa AAC, mfumo mzuri tu, tatizo lipo kwenye lile boksi la nje. Hili boksi lina orodha inayosema kila kipande cha sauti kiko wapi na kina ukubwa gani, na kwa kawaida hiyo orodha inaandikwa mwisho kabisa, pale unapobonyeza kusimamisha. Chukulia karani wa godauni anayepokea mizigo kutwa nzima bila kuandika popote, anasema nitaandika jioni, sasa saa kumi akaanguka akapelekwa hospitali. Mizigo yote ipo mle ndani lakini hakuna anayejua kipi kiko wapi. Simu ikizimika kabla hujabonyeza kusimamisha ndo hivyo hivyo, sauti ipo ila hakuna apu itakayoweza kuipiga.

Kuna katibu mmoja wa SACCOS alinitumia faili la namna hiyo. Kikao kama masaa matatu, simu ilikuwa na chaji ndogo tangu asubuhi ikazimika watu wakiwa kwenye mengineyo. Faili ukiliangalia lina MB 80 na kitu, yaani sauti kweli imo, ila ukilifungua linaonyesha 0:00 na ujumbe kwamba haliwezi kuchezwa. Alikuwa ameshalihamisha mara kadhaa, amelipitisha kwenye tovuti za kubadilisha faili, amebadilisha jina kutoka m4a kwenda mp3 (hii haisaidii chochote, jina ni jina tu). Kitu alichofanya sawa ni kutolifuta. Kuna programu ya kompyuta inaitwa untrunc, unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na simu ileile kwa setingi zilezile, inajaribu kuijenga ile orodha upya. Wakati mwingine inafanikiwa, wakati mwingine unapata vipande, kwa hiyo faili likigoma usilifute kwa hasira, na usiendelee kurekodi mengine kwenye simu hiyo kabla hujalitoa.

Sasa WAV ni tofauti. WAV haibani chochote, inaandika sauti kama ilivyo, na mwanzoni inaweka maelezo mafupi kwamba sauti hii ina urefu kadhaa. Simu ikizimika yale maelezo yanabaki hayajakamilika lakini sauti yenyewe imelala pale imenyooka, ukichukua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ukaiambia ilete faili kama data ghafi, ukaipa kiwango cha sampuli (yaani sauti ilipimwa mara ngapi kwa sekunde) na kama ni njia moja, yaani mono, au mbili, yaani stirio, unaipata yote mpaka sekunde za mwisho mwisho. Mp3 na ogg ndo raha zaidi, hizo zimekatwa vipande vidogo vidogo na kila kipande kinajitambulisha chenyewe, kwa hiyo likikatika linachezeka tu mpaka pale lilipokatikia.

Kwa hiyo WAV ndo jibu? Hapana, ngoja tupige hesabu kwanza. WAV ya ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, inakula kama MB 635 kwa saa. Kikao cha masaa manne ni GB 2.5. Kama simu yako ni ya GB 32 na nusu yake ni video za harusi zilizotumwa kwenye grupu la familia, hiyo GB 2.5 huna. Halafu WAV ya kawaida ina ukomo wa GB 4 kwa faili, ambao kwa ubora huo unafika baada ya kama saa 6 na dakika 45, kuna apu zinazofika hapo zikafungua faili jipya zenyewe na kuna zinazosimama kimya. Semina ya siku nzima inafika huko. Na kadi ya memori iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 nayo haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo hata kama apu ni nzuri kadi inaweza kukukwamisha.

AAC ya kbps 64 (yaani kilobiti 64 kwa kila sekunde ya sauti) kwa njia moja ni kama MB 29 kwa saa, masaa manne ni MB 115 hivi, na kwa sauti ya mtu anayeongea inatosha kabisa, hakuna mtu atakayesikiliza ripoti ya mhazini kwa ajili ya besi. Opus, mfumo uliopitishwa rasmi mwaka 2012 na ambao ndo unatumika kwenye voisi za WhatsApp, ukiuweka kbps 24 ni kama MB 11 tu kwa saa na bado maneno yanasikika vizuri. Watu wanaopenda kuweka kila kitu juu kabisa, kbps 320 stirio, wanajaza simu bure. Sauti ya mtu anavyoongea, sehemu inayobeba maneno haihitaji hayo yote, laini za simu za zamani zilikuwa zinapitisha kati ya 300 na 3,400 hezi tu na watu walielewana mpaka wakagombana. Ukiweka sampuli 16,000 kwa sekunde umeshapita hapo kwa mbali, na mashine nyingi za kugeuza sauti kuwa maandishi zinaishusha sauti kwenye 16,000 hiyo hiyo kabla ya kuanza kazi.

Kwa hiyo ukinibana nichague, nachagua apu inayokuachia wewe uamue aina ya faili, halafu naweka mp3 au ogg, njia moja, kbps 64 hivi. Kwenye Android mfano ASR Voice Recorder inakupa chaguo nyingi za namna hiyo. Easy Voice Recorder ina wav na m4a na pia ina setingi yake maalum ya mikutano na mihadhara ambayo inasaidia kwa wale wanaokaa mbali. Kama apu haikuonyeshi kabisa inahifadhi faili la aina gani, au inahifadhi kwa mfumo wake yenyewe ambao huwezi kuufungua kwingine mpaka ulipie, achana nayo hata kama ina rangi nzuri. Kama apu yako ni ya m4a tu sio mwisho wa dunia, angalia kama ina uwezo wa kukata faili lenyewe kila baada ya nusu saa, maana hapo simu ikizimika unapoteza kipande kimoja tu. Kama haina, fanya kwa mkono, kila ajenda ikiisha bonyeza kusimamisha uanze upya, na utajikuta una faili la kila ajenda, jambo ambalo kwenye kuandika muhtasari linaokoa muda kuliko hata zile alama za kuweka katikati ya rekodi ambazo apu nyingi zinajisifia.

Jambo la pili ni nani anaiua apu katikati ya kikao, na mara nyingi muuaji ni simu yenyewe. Android kuanzia toleo la 6 la mwaka 2015 ilianza kulaza apu zisizotumika kioo kikifungwa ili kubana chaji, toleo la 9 la 2018 likaongeza kwamba apu iliyo nyuma hairuhusiwi kugusa maiki kabisa isipokuwa imejitangaza wazi kwamba inafanya kazi. Kujitangaza kwenyewe ni ile arifa inayokaa juu muda wote huku inarekodi. Hicho ndo kipimo cha haraka kabisa: anza kurekodi, rudi mwanzo, vuta lile pazia la juu, kama huoni arifa ya apu ikihesabu dakika basi hiyo apu haifai kwa kikao hata cha nusu saa. Juu ya hapo watengenezaji wa simu wameongeza za kwao. Simu nyingi tunazotumia huku, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi, hata Samsung, zina mfumo wake wa kusafisha na kubana betri, na huo mfumo haujui kama upo kwenye kikao cha bodi au umeacha mchezo wa karata wazi. Shikilia ikoni ya apu, ingia kwenye taarifa zake, upande wa betri toa vikwazo vyote, halafu kwenye orodha ya apu zilizofunguliwa karibuni ifunge kwa kile kikufuli kama simu yako inacho. Na usibonyeze ile safisha kumbukumbu katikati ya kikao, kuna watu ni kama ugonjwa, wakishika simu tu lazima wasafishe.

Alafu kuna kupigiwa simu, na hapa pana mtego ambao watu wengi hawaujui. Kwenye Android kuanzia toleo la 10 ukipokea simu, apu ya kurekodi inaweza isisimame kabisa, dakika zinaendelea kuhesabu, kila kitu kinaonekana sawa, ila inachopewa na mfumo ni ukimya mtupu. Maiki imechukuliwa na mazungumzo ya simu. Simu za WhatsApp nazo ni hivyo hivyo. Unakuja kusikiliza jioni unakuta dakika sita hakuna kitu na ni dakika zilezile mwenyekiti alipokuwa anatoa uamuzi. Kwenye iPhone apu ya Voice Memos inasimamisha rekodi ukipokea simu, na ukishakata usitegemee itaendelea yenyewe, angalia. Samsung kwenye kinasa sauti chake ina setingi ya kuzuia simu zisiingie wakati wa kurekodi, iwashe. Dawa ya jumla ni kuweka simu kwenye hali ya ndegeni, maana kurekodi hakuhitaji mtandao hata kidogo, na ukifanya hivyo umeondoa pia mitetemo ya magrupu kwenye meza na ile apu ya adhana inayolia saa sita na nusu huku maiki iko sentimita mbili kutoka kwenye spika yake. Kwa apu ya adhana na alamu hali ya ndegeni peke yake haitoshi lakini, hizo zinalia bila mtandao, kwa hiyo weka na Usinisumbue, na hapo hapo hakikisha umezuia alamu pia.

Shida ni kwamba simu hiyohiyo ndo inatoa intaneti kwa laptopu, na ndo mkurugenzi anayokutafuta nayo. Ndo maana ushauri wangu, kabla hujalipia apu yoyote, chukua ile simu yako ya zamani iliyo kwenye droo, ile yenye kioo kimepasuka kona, itoe laini, ifute kila kitu, weka apu moja tu ya kurekodi na usiweke kingine. Hakuna wa kuipigia, hakuna cha kujaa memori, hakuna grupu. Ukiwa na hela ya kununua kinasa sauti kamili ni sawa, vingine vinatumia betri ndogo kama za rimoti na ni vigumu sana kuviharibu, ila simu mzee isiyo na laini inafika karibu hapo hapo bila gharama. Ichomeke kwenye pawabenki. Kurekodi na kioo kimezimwa hakuli chaji nyingi ila betri ya simu mzee haitabiriki, inaweza kukuonyesha asilimia 30 halafu ikazima. Usichomeke ukutani kama una njia nyingine, umeme wetu unaujua, na chaja nyingine za bei rahisi zinaingiza mlio kwenye rekodi.

Ukishapata apu unayofikiria ni nzuri ijaribu nyumbani Jumamosi, na ujaribu kuiua. Anza kurekodi huku redio inaongea, funga kioo, iache saa nzima na nusu bila kuigusa. Halafu mwambie mtu akupigie, pokea, ongea kidogo, kata. Fungua kamera, piga video fupi, rudi. Mwisho, ikiwa bado inarekodi, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka simu izime yenyewe kwa nguvu, iwashe, utafute faili. Ukikuta faili lipo na linachezeka mpaka karibu na mwisho, hiyo apu ioe. Ukikuta apu inakwambia kuna rekodi haikukamilika inairudisha, nayo ni nzuri, kuna chache zinazofanya hivyo. Ukikuta hakuna kitu au 0:00, umeshajua ukiwa nyumbani na sio siku ya mkutano mkuu wa mwaka.

Hapo ndo tuje kwenye ubora wa sauti, na nitasema haraka kwamba sehemu kubwa haitoki kwenye apu, inatoka kwenye mahali ulipoweka simu. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja inashuka desibeli 6. Mjumbe aliye nusu mita na yule wa mwisho wa meza aliye mita nne wanapishana desibeli 18, wakati feni iko palepale juu haijasogea. Ndo maana yule wa mwisho anasikika kama anaongea kutoka kwenye pipa. Na kwa Kiswahili hilo lina madhara yake, mtu akisema hatutalipa, ile "ha" ya mwanzo ikimezwa na feni unabaki na tutalipa, na hapo muhtasari wako umeandika uamuzi kinyume. Kwa hiyo simu katikati ya meza, sio mbele yako wewe katibu kwa sababu wewe huongei. Chini yake weka leso iliyokunjwa au kitambaa chochote kizito, meza inabeba kila mtu anayegonga kalamu na kila kikombe kinachowekwa. Maiki kuu ya simu nyingi iko chini karibu na tundu la chaji, usiizibe na kava wala usiielekeze kwenye feni ya projekta. Meza ndefu sana weka simu mbili, kila upande moja, na hapo hapo umepata nakala ya akiba.

Setingi moja ya apu ambayo ina maana hapa ni ile ya kupandisha sauti yenyewe. Kwenye kikao inasaidia kwa wale wanaoongea chini chini, ila watu wakinyamaza inapandisha feni na jenereta ya jirani mpaka inakuwa kama uko kiwanda cha saruji, halafu mtu akikohoa inashuka ghafla. Ya kupunguza kelele nayo inaweza kumchukulia mjumbe wa mbali kuwa ni kelele ikamfuta. Mi kwenye chumba chenye utulivu nawasha ya kupandisha, ya kupunguza kelele nazima, nitasafisha baadaye kwenye kompyuta. Na tafadhali usirekodi kikao kupitia hedfoni za Bluetooth kwa sababu zina maiki. Zikifanya kazi kama za kuongelea nyingi zinashusha sauti mpaka sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na zaidi ya hapo maiki iko sikioni kwako, inakusikia wewe tu.

Sasa hizi zinazoandika zenyewe. Najua ndo watu wanachokitaka kweli, wanataka kikao kiishe wakute muhtasari umeshaiva. Otter ni maarufu sana lakini imejengwa kwa Kiingereza na lugha chache nyingine, Kiswahili haimo, na mpango wake wa bure umewekewa kikomo cha dakika kwa kila mazungumzo, kwa hiyo kikao cha masaa manne kinakatwa kikiwa bado kwenye ufunguzi. Google iliingiza Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya kwenye kuandika kwa sauti tangu mwaka 2017, nzuri ukiwa peke yako unaongea karibu na simu, ila haikutengenezwa kwa ajili ya watu kumi na mbili wanaokatishana. Whisper ya OpenAI iliyotoka mwaka 2022 inajua Kiswahili na unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako bila kupeleka sauti kokote, ila modeli ndogo zake kwenye Kiswahili zinachapia sana, unahitaji ile kubwa na kompyuta yenye nguvu. Ina tabia moja mbaya, kwenye ukimya mrefu inatunga. Watu wametoka kunywa chai, rekodi inaendelea, yenyewe inaandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema au inarudia sentensi moja mara kumi na tano. Kwa hiyo wakati wa chai bonyeza kupumzisha, na pia ni adabu, watu wakati wa chai wanasema mengine.

Halafu kuna ule uongeaji wetu wa ofisini, mjumbe anaanza kwa Kiswahili, anaweka bajeti na ripoti na asilimia kwa Kiingereza, anamalizia kwa Kiswahili, na Nairobi ongeza Sheng juu. Mashine inachagua lugha moja inang'ang'ania. Majina ya watu na ya vijiji ndo yanaharibika kabisa. Mi natumia maandishi ya mashine kama ramani ya kujua jambo fulani liko dakika ya ngapi, halafu naenda kusikiliza pale. Kiasi cha pesa, tarehe, nani katoa hoja na nani kaunga mkono, hivyo nasikiliza kwa sikio langu kila mara. Kwa hiyo usichague apu ya kurekodi kwa sababu inaandika, rekodi na apu inayojua kurekodi tu, uandishi ufanyike baadaye kwenye nakala. Zinazoandika moja kwa moja zinakula chaji na zingine zinategemea mtandao, bando likiisha saa ya pili ndo unaanza kugundua.

Vikao vya mtandaoni nitapita haraka. Zoom ya bure mkutano unakatika dakika 40, inakuruhusu kurekodi ukiwa kwenye kompyuta, lakini faili linaanza kubadilishwa kuwa video baada ya mkutano kuisha, ukifunga laptopu haraka haraka ukakimbilia daladala utakuta faili lenye jina refu la zoom ambalo halifunguki mpaka ulibonyeze liendelee kubadilishwa. Google Meet kurekodi ni kwa akaunti za kulipia. Kama huna hayo yote, ile simu mzee iweke pembeni ya spika ya laptopu, haina uzuri ila inafanya kazi, na usitegemee njia ya simu pia, maana kurekodi mazungumzo ya simu kutoka ndani ya simu yenyewe Google walishabana mwezi Mei 2022 kwa apu za dukani kwao.

Na kabla ya yote hayo, ruhusa. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, Kenya wana yao ya mwaka 2019, Uganda ya 2019, Rwanda ya 2021. Kimatendo ni jambo dogo, mwenyekiti akishafungua kikao na akidi ikathibitishwa aseme kikao hiki kinarekodiwa kwa ajili ya kuandaa muhtasari, kuna mwenye pingamizi, na hayo maneno yawe ndani ya rekodi yenyewe na kwenye muhtasari. Mjumbe akiomba sehemu fulani isirekodiwe, pumzisha, andika kwamba ilipumzishwa. Hapa apu inarudi tena kuwa na maana, kwa sababu zile za bure zinazoandika maneno nyingi zinapeleka sauti kwenye seva za nje ya nchi, na wewe ndo umepeleka mishahara ya watu huko bila wao kujua. Soma ruhusa inazoomba. Kinasa sauti kinachotaka namba za watu kwenye simu yako na mahali ulipo kina kazi nyingine zaidi ya kurekodi.

Kikao kikiisha hamisha faili kabla hujatoka ukumbini, kwenye laptopu au flashi, lipe jina lenye tarehe ikianza na mwaka ili yajipange yenyewe. Ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokumenti, inapokea mpaka GB 2 na hailibani. Na muwe mmeshakubaliana nani anakaa nalo na linafutwa lini, taasisi nyingi zinafuta baada ya muhtasari kuthibitishwa kwenye kikao kinachofuata na mi naona ni sawa, rekodi zikikaa miaka zinakuja kutumika kwenye ugomvi ambao haukuhusu. Ukifuta futa kweli, Voice Memos kwenye iPhone kwa kawaida inakaa na rekodi uliyofuta siku 30 kwenye folda yake ya vilivyofutwa, Google Drive nayo siku 30 kwenye pipa lake, na ile nakala uliyomtumia mhasibu kwenye WhatsApp bado iko kwenye simu ya mhasibu.